Usiudhike na maswali ya daktari mwanafunzi

Huenda nawe yamekufika. Umemleta mtoto hospitalini Kitale au Bungoma tangu alfajiri, umepanga foleni hadi miguu ikafa ganzi, na zamu yako inapowadia, anayekukabili si yule daktari mwenye mvi uliyemtarajia. Ni kijana mwenye koti jeupe lililopigwa pasi likanyooka, daftari mkononi. Anaanza maswali. Homa ilianza lini? Hupanda jioni au mchana? Mnaishi wapi? Kabla ya hapo mliishi wapi? Likizo iliyopita mtoto alikwenda kwa nani? Mnafuga mbwa? Je, kuna mtoto mwingine katika ukoo aliyefariki akiwa mdogo? Nawe moyoni wajiuliza: huyu amekuja kumtibu mwanangu au amekuja kufanya sensa?

Wengi huudhika. Wapo wanaojibu mradi wamejibu, ili kijana aondoke na "daktari mwenyewe" aitwe. Wapo wanaoficha mambo ya nyumbani kwa kuwa hawaoni yanahusiana vipi na homa ya mtoto. Na wapo, hasa akina baba, wanaosema waziwazi kwamba hawakuja kufanyiwa majaribio. Leo nataka tuwatazame vijana hawa kwa karibu, tujue wanavyofundishwa, kwani jibu moja unalolipuuza laweza kuwa ndilo lililobeba uhai wa mwanao.

Kwa miaka mingi udaktari ulifundishwa kama unavyofundishwa historia. Wanafunzi walijazana ukumbini, profesa akasimama mbele na kutaja majina ya mifupa, misuli na mishipa, nao wakaandika mpaka kalamu zikaisha wino. Miaka ya mwanzo mwanafunzi hakumwona mgonjwa. Mwili pekee aliougusa ulikuwa wa maiti. Alikariri, akafanya mtihani, akasahau. Alipofika wodini hatimaye, alikuta kwamba mgonjwa haji na jina la ugonjwa limeandikwa kwenye paji la uso. Kitabu husema: "Sura ya saba, malaria." Mgonjwa husema: "Daktari, mwili hauna nguvu na usiku naota moto." Kati ya maneno hayo mawili kuna safari ndefu, na hakuna aliyekuwa amemfundisha kijana huyo kuitembea.

Mwaka 1969, chuo kikuu cha McMaster katika mji wa Hamilton, Kanada, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari na kuwaanzishia mtindo uliowashangaza wengi. Badala ya kuwajaza mihadhara kwanza na wagonjwa baadaye, kiliwagawa katika vikundi vidogo na kuwapa tatizo la mgonjwa tangu mwanzo. Kinachohitajika kulielewa tatizo hilo ndicho watakachosoma. Chuo cha Maastricht, Uholanzi, kikafuata mwaka 1974 na mtindo ukaenea.

Huku kwetu haukuchelewa sana. Tangu mwaka 1967 Kenya ilikuwa na chuo kimoja tu cha kufunzia madaktari, nacho ni Nairobi. Kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Moi kilipofunguliwa Eldoret na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1990, waanzilishi wake waliamua kutorudia njia ya kale. Walichagua masomo yaanzie kwenye tatizo, na wanafunzi watoke waende vijijini mapema. Miongoni mwa waliowapa mkono ni chuo kikuu cha Linköping, Uswidi, ambacho kilikuwa kimeanza kuutumia mtindo huo mwaka 1986. Kutoka Kitale hadi Eldoret ni kilomita kama 70 tu, kwa hiyo habari hii si ya ng'ambo, ni ya jirani.

Sasa masomo ya namna hii huendaje? Hebu tuingie darasani. Ni chumba kidogo, meza moja, wanafunzi wanane au kumi. Mmoja ni mwenyekiti, mwingine anaandika ubaoni. Mhadhiri yupo, lakini amekaa kando kama mzee wa boma anayesikiliza vijana wakijadili mahari: haongei ila wakipotea njia. Kila mmoja amepewa karatasi. Tuseme imeandikwa hivi:

"Mama ameleta mtoto wa kiume wa miaka mitatu. Amekuwa na homa ya kuja na kuondoka kwa miezi miwili. Amekonda. Viganja na ndani ya macho vimepauka. Mama asema tumbo limefura upande wa kushoto. Mtoto amekwisha kupewa dawa za malaria mara tatu na za taifodi mara moja."

Basi. Hakuna zaidi. Wewe msomaji ungesema nini?

Najua ungesema nini, kwani magharibi hii yetu kila homa ni "malaria na taifodi". Maneno hayo mawili yamefungwa pamoja kama chai na mandazi. Lakini kikundi hiki hakiruhusiwi kurukia jibu. Kwanza wanakubaliana maneno yana maana gani: kupauka ni dalili ya upungufu wa damu. Kisha kila mmoja anatoa dhana yake, hata kama ni ya kubahatisha, nayo inaandikwa. Mmoja anasema malaria. Mwingine anasema selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao wengi wetu huuita sikoseli. Wa tatu anasema kifua kikuu. Wa nne anauliza swali la kitoto: kilichofura upande wa kushoto ni nini hasa? Kimya kinaingia. Ni wengu, anasema mmoja. Wengu una kazi gani mwilini? Kimya tena. Hapo ndipo mhadhiri hutabasamu, maana wamefika walipotakiwa kufika: wamegundua wasichokijua.

Yale wasiyoyajua yanaandikwa na kugawanywa. Wengu hufanya nini, na kwa nini hufura? Damu hutengenezwa wapi na huvunjwa wapi? Magonjwa gani huvimbisha wengu wa mtoto katika sehemu hii ya Kenya? Kila mmoja anakwenda maktaba, maabara, au kwa wataalamu. Baada ya siku kadhaa wanarudi na kuelezana. Kwa mtoto mmoja wa kwenye karatasi wamesoma maumbile ya mwili, kazi ya damu, vijidudu na dawa, mambo ambayo zamani yalikuwa masomo manne ya walimu wanne wasiosemezana.

Hapa ndipo Kitale na Bungoma zinapoingia, na naomba unisikilize vizuri.

Toka Kitale kwa matatu, pita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, ufike Webuye, kisha ukate kulia kwenda Bungoma. Ni safari ya asubuhi moja. Lakini umeshuka sana. Kitale iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900 juu ya bahari, Bungoma karibu mita 1,400. Huko juu kuna baridi na mbu wa malaria hastawi vyema. Malaria huja kwa misimu, na ikija huwaumiza hata watu wazima kwa sababu miili haijaizoea. Huku chini Bungoma ni ukanda wa malaria ya mwaka mzima, ule ule wa kandokando ya Ziwa Victoria. Ndiyo maana chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa kwa majaribio nchini mwaka 2019, ilipelekwa katika baadhi ya sehemu za kaunti za magharibi, Bungoma ikiwemo.

Kwa hivyo mtoto wetu wa karatasini akitokea kijiji cha Bungoma, malaria ya mara kwa mara ni dhana nzito. Lakini papo hapo na selimundu lazima iulizwe, kwani ugonjwa huo umeota mizizi palepale malaria ilipoota. Sababu yake inajulikana: mtu aliyerithi chembe ya selimundu kwa mzazi mmoja tu huwa na kinga fulani dhidi ya malaria kali, naye huishi na kuzaa. Taabu hutokea wazazi wote wawili wakiwa nayo bila kujua. Kila mimba, nafasi ni moja kwa nne kwamba mtoto atarithi pande zote mbili na kuugua. Sasa umeona kwa nini kijana aliuliza kama kuna mtoto mwingine katika ukoo aliyefariki mdogo? Hakuwa anachimba siri zenu. Mtoto mwenye selimundu huweza kupewa dawa za malaria mara tano, homa ikashuka kila mara, na hakuna aliyefikiria kumpima damu kwa ugonjwa wenyewe. Mara ya sita huenda asifike hospitalini.

Mpeleke sasa mtoto huyohuyo Kitale. Homa ileile, wengu uleule. Kama amezaliwa na kukulia Trans Nzoia na hajatoka, malaria ya mara tatu kwa miezi miwili yapaswa kumtia daktari shaka. Alikwenda kwa kukhu yake Bungoma likizo ya Agosti? Hilo labda laeleza. Lakini Kitale vilevile ni mlango wa kaskazini. Soko lake na hospitali zake huwapokea watu wa Pokot Magharibi na Turkana. Na Pokot kuna kala azar, ugonjwa unaoenezwa na usubi, mdudu mdogo kuliko mbu, anayependa kujificha katika nyufa na vichuguu. Homa ya miezi, kukonda, kupauka, wengu kufura: ndizo dalili zake hasa. Usipotibiwa, karibu kila mara huua. Ukitambuliwa, kuna dawa, ingawa ni sindano za kila siku kwa zaidi ya majuma mawili. Swali la kumtenganisha mtoto huyu na yule wa Bungoma halihitaji mashine. Ni hili: "Mama, kabla ya kuja hapa mlikuwa mkiishi wapi?"

Na mbwa je? Turkana imejulikana kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa sehemu zilizoathiriwa zaidi duniani na ugonjwa wa minyoo ya mbwa, ambao hukuza vifuko vya maji ndani ya ini au mapafu ya mtu. Tumbo hufura polepole kwa miaka. Mtu akija Kitale na tumbo hilo, daktari asiyeuliza habari za mbwa atazunguka sana.

Ukitaka kujua kwamba hili si jambo la vijana wa leo tu, mkumbuke daktari mpasuaji Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe mataya yote, ugonjwa ambao hakuna kitabu kilichokuwa kimeueleza sawasawa. Akaandika habari zake mwaka 1958. Kisha mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu aina ya Ford wakazunguka hospitali za Afrika ya Mashariki na Kusini, safari ya maili 10,000 hivi kwa majuma kumi, wakiuliza swali moja: "Uvimbe huu mmeuona hapa?" Majibu yakachora ramani. Ulikuwepo nchi za chini zenye joto na mvua, ukatoweka kwenye nyanda za juu zenye baridi, kama ilivyo malaria. Ni saratani, na leo inaitwa kwa jina lake Burkitt. Magharibi ya Kenya imo katika ramani hiyo, na watoto wetu bado huipata. Inatibika vizuri ikigunduliwa mapema. Mtu huyu hakuwa na maabara kubwa. Alikuwa na tatizo, na hakuchoka kuuliza watu wanatoka wapi.

Turudi kwa wanafunzi wetu. Kuketi mezani hakutoshi, ndipo Eldoret ikaweka mpango wa kuwatoa chuoni, unaojulikana kwa kifupi kama COBES. Kwa majuma kadhaa wanafunzi hukaa karibu na kituo cha afya mashambani, hutembea nyumba kwa nyumba, huhesabu vyoo, huuliza maji yatoka wapi na ni watoto wangapi wamechanjwa, kisha hukaa na wananchi kutafuta la kufanya. Mtoto wa mjini aliyekulia kwenye nyumba ya maji ya bomba hufika mahali akaona mama akibeba mtungi kilomita mbili. Baada ya hapo hawezi tena kumwambia mgonjwa "kunywa maji safi" kana kwamba safi inauzwa dukani kwa shilingi kumi.

Hospitali ya Webuye, katika Kaunti ya Bungoma, nayo ina nafasi yake katika habari hii. Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzisha mwaka 2005 mafunzo ya ubingwa wa tiba ya familia, Webuye ilikuwa mojawapo ya hospitali zilizotumika kuwafunza madaktari hao. Ni mabingwa wasioshughulikia kiungo kimoja tu. Humtazama mtu mzima na jamaa yake. Tusisahau pia kwamba wengi utakaowakuta na daftari si wanafunzi wa chuo kikuu. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, KMTC, kina matawi Kitale, Bungoma na Webuye, na ndiko hutoka maafisa wa kliniki na wauguzi. Hao ndio wa kwanza kukupokea na mara nyingi ndio wa mwisho pia.

Lakini kuwaza vizuri si kutibu. Mikono nayo lazima ijue. Kuhisi wengu wa mtoto anayelia na kurusha mateke si jambo la kusomewa. Lazima mikono iwe na joto, vidole vianze chini tumboni na kupanda taratibu kuelekea mbavu za kushoto, mtoto avutwe fikira kwa kitu kingine. Anayeanzia juu karibu na mbavu huweza kuukosa wengu mkubwa kabisa kwa kuwa mkono tayari uko juu yake. Ndiyo maana siku hizi wanafunzi hujizoeza kwanza kwa vinyago: mkono wa mpira wa kuchoma sindano, mtoto wa plastiki wa kupulizia pumzi, nyonga ya bandia ya kuzalishia. Marekani, daktari Howard Barrows alianza mwaka 1963 kutumia watu wazima wenye afya waliofunzwa kuigiza wagonjwa, ili mwanafunzi akikosea asimwumize aliyekwisha umia. Na mwaka 1975, Ronald Harden na wenzake kule Dundee, Uskoti, walitangaza mtihani wa namna mpya: mwanafunzi huzunguka vituo, kila kimoja dakika chache, kengele ikilia anahama. Hapa apime shinikizo la damu, pale asome picha ya kifua, kule amweleze mama namna ya kumpa mtoto dawa. Mtahini ana orodha mkononi, kwa hiyo haangalii mtoto wa nani wala kabila gani. Sasa mtihani huo unatumika duniani kote, hata hapa kwetu, nami nadhani kama ungekuwepo katika kazi nyingine nyingi nchini tungepumua.

Kati ya vituo hivyo, kile cha kusema na mgonjwa ndicho wengi hukidharau. Wakazi wa Bungoma hawahitaji kuelezwa kwa nini hakifai kudharauliwa. Mwaka 2013 mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali kuu ya mji huo, akatukanwa na kupigwa akiwa katika hali hiyo. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Bungoma, na mwezi wa Machi 2018 jaji aliamua kwamba haki zake zilivunjwa, akaamuru alipwe shilingi milioni 2.5. Waliohusika hawakuwa wanafunzi. Lakini kila mmoja wao aliwahi kuwa mwanafunzi mahali fulani, na kuna kituo ambacho hawakusimama, au walisimama kengele ikalia kabla hawajakielewa.

Sitaki udhani kwamba mtindo huu mpya hauna kasoro. Wazazi wanaolipa karo hulalamika, na nawaelewa. Mzazi wa Kimilili ameuza ng'ombe wawili, kisha mwanawe anakuja nyumbani kusema, "Baba, leo hatukufundishwa, tulijadiliana." Baba anaona ameibiwa. Kwake mwalimu ni mtu wa kusimama na kusema. Tena kasoro za kweli zipo. Kikundi cha wanane kinahitaji mwalimu wake. Darasa likiongezeka bila walimu kuongezeka, kikundi cha wanane huwa cha kumi na tano, wawili wanazungumza, watatu wanaandika, waliobaki wanachezea simu. Mhadhiri aliyechoka hugeuza mjadala kuwa mhadhara kimyakimya. Siku hizi tatizo la karatasini huweza kuandikwa kwenye simu na jibu likaja kabla mwenyekiti hajafungua kikao, na yule aliyelipata hudhani amelijua.

Wataalamu wenyewe wamebishana sana. Mwaka 1993 zilichapishwa Marekani tathmini mbili kubwa zilizokusanya uchunguzi wa miaka ya nyuma. Kwa ufupi zilionyesha kwamba wanafunzi wa mtindo huu hawako nyuma wanapofika kwa mgonjwa, na mara nyingine wako mbele, tena huyafurahia masomo; ila katika mitihani ya sayansi za msingi baadhi yao walipata alama za chini kidogo kuliko wa mihadhara. Mimi nikilazimishwa kuchagua wa kumtazama mwanangu usiku wa manane, nitamchukua aliyezoea kusema "sijui, ngoja niangalie" kuliko aliyezoea kujibu upesi. Lakini nitapenda pia awe anakumbuka wengu uko upande gani.

Sasa tuje kwako, msomaji, kwani katika mtindo huu wewe ndiwe nusu ya somo, na nusu hiyo ina haki zake.

Mwanafunzi anapaswa kujitambulisha. Usione haya kuuliza, "Mwanangu, wewe ni daktari au bado wasoma?" Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe na akubali kabla ya kutibiwa, isipokuwa katika hali chache za dharura, na mkataba wa haki za wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2013 unasema mambo yaleyale kwa lugha nyepesi. Hii ina maana kwamba waweza kukataa kupimwa na mwanafunzi, na kukataa huko hakuwezi kuwa sababu ya kunyimwa matibabu. Ukiwa mwanamke na unapimwa mahali pa siri, omba muuguzi wa kike awepo. Kama wanafunzi sita wamekwisha mpapasa mtoto tumbo na wa saba amefika, ruhusa unayo ya kusema, "Daktari, mpumzisheni kidogo." Mwalimu wao mwema atakushukuru.

Lakini ukikubali, kubali kikamilifu. Sema kweli, hata ile inayotia aibu. Kama mtoto alipelekwa kwa mganga akachanjwa tumboni, sema. Kama dawa za malaria zilinunuliwa nusu dozi dukani kwa sababu pesa hazikutosha, sema; kijana huyo wa daftari hayuko hapo kukuhukumu, na nusu dozi hiyo hubadilisha kabisa maana ya homa inayorudi. Kama ukoo una watoto waliokufa wakiwa wameumwa viungo na macho kuwa manjano, sema, hata kama mama mkwe amekaa pembeni na hapendi litajwe. Sema mlikolala majuma matatu yaliyopita. Katika muda mfupi ulio nao na daktari mkubwa hutapata nafasi ya kusimulia hayo yote. Mwanafunzi ndiye mwenye nafasi hiyo, na anayoyaandika ndiyo husomwa na mkubwa wake.

Beba kile kitabu cha kliniki ya mama na mtoto, hata kama mtoto ameshapita umri wa chanjo. Beba pia maganda ya dawa zote alizokunywa, maana "vidonge vyeupe" havimwambii mtu kitu. Na mtoto ambaye homa imemrudia mara ya tatu ndani ya miezi michache, mwulize kijana huyo maswali mawili, wewe sasa ukiwa mwalimu: "Mmempima selimundu? Na malaria mliyoiandika, mliiona kwenye kipimo au mmeikisia?" Akisema hajui, mwambie akaulize, nawe umngoje pale kwenye benchi mpaka arudi na jibu.